MIGUU IKIFA GANZI USINGOJE: UVIMBE KATIKA UTI WA MGONGO NA TIBA YAKE

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Naam, walinena kweli. Lakini ndugu msomaji, yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, ila hayajui. Huyadhania kuwa ni uchovu wa jembe, ama ni uzee, ama ni baridi ya kusi imemwingia mifupani. Siku anapozinduka, miguu haimbebi tena. Maradhi ninayotaka kuyaeleza ni uvimbe unaoota katika uti wa mgongo. Nimeyakusanya haya kwa mwalimu wetu wa Biolojia, kwa vitabu vya maktaba, kwa muuguzi mmoja jirani yetu, na kwa yale niliyoyaona nyumbani kwetu kwa macho yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Sisi husema "uti wa mgongo" tukimaanisha vitu viwili kwa pamoja. Kuna mifupa yenyewe, yaani pingili. Hizo ni 7 shingoni, 12 kifuani na 5 kiunoni, halafu zipo za chini kabisa ambazo huungana mtu anapokua. Zote pamoja ni 33. Kisha kuna ugwe, yaani kamba laini ya neva inayopita ndani ya tundu la pingili hizo. Kwa mtu mzima ugwe huu una urefu wa kama sentimita 45, na unene wake ni kama kidole chako cha mwisho. Umefunikwa na ngozi tatu nyembamba, na umezungukwa na maji maangavu. Kutoka humo hutoka jozi 31 za neva zinazokwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni, hata kwenye kibofu cha mkojo.

Hebu sasa fikiria barabara yetu ya kutoka Mombasa kuja Malindi. Gari likitoka Mombasa lazima livuke daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka wa 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri. Tuseme leo daraja limezibwa. Takaungu, iliyo upande wa huku Mombasa, itapata mizigo yake kama kawaida. Lakini Kilifi mjini, Watamu na Malindi hazitapata kitu. Mtu aliyekaa ofisini Mombasa, hata kama hajafika Kilifi, anaweza kukisia mahali penye tatizo kwa kuuliza tu ni nani amepata mzigo na nani hakupata.

Mwili wetu ni vivyo hivyo. Ubongo ndio Mombasa, miguu ndiyo Malindi, na ugwe ndio barabara. Amri ya "inua mguu" hushuka kwa njia hiyo, na habari ya "nimekanyaga mwiba" hupanda kwa njia iyo hiyo. Uvimbe ukiota katikati, walio juu yake wanapata habari na walio chini yake hawapati. Ndiyo maana mtu anaweza kusuka nywele na kupika vizuri kwa mikono yake, na huku miguu imekuwa kama magogo.

Uvimbe wenyewe si wa aina moja. Madaktari huugawa kwa mahali ulipoota. Wa kwanza huota nje ya zile ngozi tatu, katika mifupa au pembeni yake. Mara nyingi huu ni saratani iliyosafiri kutoka mahali pengine, kwa mfano kwenye titi, kwenye mapafu, ama kwenye tezi dume la mzee. Wa pili huota ndani ya ngozi lakini nje ya ugwe. Huo huitwa meninjioma ukitokana na zile ngozi, au shwanoma ukitokana na ala ya neva. Wa tatu huota ndani ya ugwe wenyewe, nao huitwa ependimoma au astrositoma. Huu wa tatu ndio mgumu zaidi kuutoa.

Jambo moja lilinishangaza. Uvimbe mwingi wa aina ya pili si saratani. Hauli nyama wala hausafiri mwilini. Mbona basi unapoozesha? Sababu ni kwamba tundu la pingili ni la mfupa, na mfupa hautanuki. Uvimbe mdogo kama kokwa la ukwaju ukiota tumboni, mtu hata hajui. Ukiota ndani ya tundu hilo, hauna pa kwenda ila kuuminya ugwe. Kwa hivyo mtu akiambiwa "si saratani" asirudi nyumbani akalala.

Sasa nitaeleza kisa cha shangazi yangu, kwa sababu dalili zake ni zile zile nilizozikuta vitabuni. Shangazi ni msukaji makuti, na kazi hiyo ni ya kuinama kutwa. Alianza kuumwa katikati ya mabega. Kila mtu akasema ni makuti hayo. Lakini maumivu yale yalikuwa na tabia ya ajabu. Mchana yalipungua, na usiku akilala ndipo yalipozidi, hata akawa analala ameketi. Yaliendelea hivo karibu mwaka mzima. Kisha likaja jambo jipya: ndara ilikuwa ikimtoka mguuni naye hana habari. Anatembea hatua kumi nzima, watoto nyuma wanamwita, "Shangazi, ndara yako hii hapa!" Tulikuwa tukicheka, naye akicheka pia. Siku moja kaa la moto lilimdondokea mguuni jikoni akaliona kwa macho, hakulisikia. Hapo kicheko kikaisha. Aliniambia, "Mwanangu, miguu hii imekuwa ya mtu mwingine."

Kijijini maneno hayakukosa. Wengine walisema ni jini, wengine ati amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Akapelekwa kwa mganga mara mbili, na mbuzi wawili wakaenda. Simlaumu aliyempeleka, maana alimpeleka kwa mapenzi. Na zahanati nayo alikwenda mara tatu, kila mara akapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemwambia avue viatu atembee wamwone. Miezi ilikwenda bure.

Hatimaye alimwona afisa wa kliniki mmoja kijana mahali pengine, na huyo bwana alifanya kazi ya maana kwa vitu vitatu tu: nyundo ndogo ya mpira, pamba, na pini. Hapa ndipo nataka msomaji uone jinsi maradhi haya yanavyotambuliwa.

Kwanza alimuuliza maswali mengi. Maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, mkojo unatoka sawasawa, umepungua uzito, uliwahi kuwa na uvimbe kwenye titi? Pili alimgonga chini ya goti kwa nyundo. Mguu wa mtu mzima wa afya huruka kidogo. Wa shangazi uliruka kwa nguvu kama wa punda. Kumbe ugwe ukiminywa juu, miguu hupoteza yule anayeituliza, ikawa inaruka ovyo. Tatu alimkwaruza unyayoni kutoka kisiginoni kuja mbele. Kidole gumba cha mtu mzima hujikunja kwenda chini. Chake kilinyanyuka juu. Dalili hii ilielezwa na Joseph Babinski, daktari wa Paris, mwaka wa 1896, na mpaka leo hakuna mashine iliyoifuta.

Nne, alimgusa kwa pini kuanzia vidoleni akipanda juu polepole, akiuliza, "Unasikia?" "La." "Hapa je?" "La." Alipofika chini kidogo ya matiti, shangazi akashtuka akasema, "Hapo ndiyo!" Basi afisa akaweka alama kwa kalamu. Ndugu msomaji, kumbuka ile habari ya Takaungu na Watamu. Ngozi ya mwili imegawanywa kama shamba lenye mipaka, kila kipande kina neva yake. Usawa wa chuchu ni neva ya 4 ya kifua. Usawa wa kitovu ni neva ya 10. Kwa hivyo ganzi ikikomea chini kidogo ya matiti, tatizo liko karibu na neva ya 5 au ya 6 ya kifua, pale pale katikati ya mabega palipokuwa pakiuma! Daraja lililozibwa lilijulikana kwa pini ya shilingi chache.

Baada ya hapo ndipo picha zinapoingia. Watu wetu huamini sana eksirei, ambayo mionzi yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen kule Ujerumani mwaka wa 1895. Eksirei ni nzuri kwa mfupa uliovunjika au kuliwa. Lakini ugwe ni kitu laini, na eksirei haiuonyeshi. Mtu anaweza kuwa na uvimbe unaomuua miguu na eksirei yake ikatoka safi. Zamani madaktari walikuwa wakidunga dawa maalumu ndani ya maji ya uti wa mgongo ili ionekane inakwama wapi, na bado hufanywa hivyo mahali pengine. Siku hizi kipimo kikubwa ni MRI. Hiyo ni mashine yenye sumaku ambayo, kwa zile zinazotumika sana, ina nguvu kama mara 30,000 kuliko sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Haitumii mionzi. Mgonjwa huvua saa, herufi, pete na kila chuma, akalazwa ndani ya kitu kama pipa refu lenye kelele. Paul Lauterbur na Peter Mansfield, waliovumbua njia ya kupata picha hizo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2003. Shangazi alisafirishwa mpaka Mombasa, yapata kilomita 120, baada ya ukoo mzima kuchanga. Picha ilionyesha uvimbe umekaa ndani ya ngozi, nje ya ugwe, na ugwe umesukumwa pembeni ukawa mwembamba kama utepe.

Tuje kwenye tiba. Kwa uvimbe wa namna ya shangazi, tiba ni kisu. Upasuaji wa kwanza uliofaulu kuutoa uvimbe wa uti wa mgongo, ukiwa umetambuliwa kabla ya kupasua, ulifanywa London tarehe 9 Juni 1887. William Gowers ndiye aliyeukisia mahali ulipo kwa kuuliza na kupima tu, maana eksirei ilikuwa haijazaliwa, na Victor Horsley ndiye aliyepasua. Mgonjwa alikuwa afisa wa jeshi aliyeteseka miaka kadhaa huku akiambiwa hili na lile. Uvimbe ulitolewa, na bwana yule akatembea tena.

Hapa kwetu Kenya kazi hii ilichelewa kufika. Renato Ruberti, Mwitaliano, alianza kazi ya upasuaji wa ubongo na neva Nairobi mwaka wa 1967. Baadaye, katika miaka ya 1970, Jawahar Dar kutoka India alianzisha kitengo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa pamoja na Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza katika fani hiyo. Leo wako madaktari wa namna hiyo Mombasa pia, ingawa bado ni wachache kwa watu wengi.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi naye amelala fofofo kwa dawa. Daktari hupasua mgongo katikati, huondoa sehemu ya nyuma ya pingili kama mtu anayevua vigae vya paa, kisha hufungua ngozi ya ugwe akitazama kwa hadubini. Uvimbe huutoa vipande vipande bila kuuvuta ugwe, maana ugwe ukijeruhiwa hauoti tena. Kazi huchukua saa nyingi. Uvimbe uliotolewa hupelekwa maabara ukapimwe, ili ijulikane ni saratani au la. Shangazi yangu, kwa rehema za Mungu, alipelekwa kabla miguu haijakufa kabisa. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi alitembea kwa fimbo.

Uvimbe wa saratani iliyosafiri hutibiwa kwa njia nyingine pia. Daktari huanza kwa dawa ya kupunguza uvimbe-maji unaouzunguka ugwe, kisha hufuata mionzi, au kisu pamoja na mionzi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali za umma alilazimika kwenda Kenyatta, Nairobi, kutafuta mionzi. Miaka ya karibuni vituo vya saratani vimefunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa. Ni nafuu kubwa kwa mtu wa Marafa au Ganda.

Ipo saratani moja ambayo sisi watu wa pwani inatuhusu hasa, nayo huwapata watoto. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akawaona wengine, akaandika juu yao mwaka wa 1958. Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakagundua kwamba saratani hii hupatikana mahali penye joto na mvua, pale pale penye malaria nyingi. Mwaka wa 1964 virusi vinavyohusika navyo vikaonekana London katika chembe za uvimbe huo. Kwa Kenya, huonekana zaidi upande wa Ziwa Viktoria na huku kwetu pwani.

Saratani ya Burkitt haikai tayani peke yake. Hukaa tumboni, na mara nyingine huingia pembeni ya ugwe, mtoto akaamka hawezi kusimama. Hukua upesi kuliko saratani nyingine zote za binadamu. Yaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kwa kuwa hukua upesi, dawa nazo huikamata upesi. Tiba yake kubwa ni dawa za kudungwa, si kisu. Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Moja ya dawa hizo, vinkristini, hutokana na ua lenye asili ya Bukini, lile la waridi au jeupe lenye petali tano, linaloota lenyewe kwenye mchanga wa nyua zetu na hata makaburini. Tafadhali usiende ukachemsha majani yake! Ni sumu. Dawa hiyo hospitalini hupimwa kwa uangalifu mkubwa, hutiwa kwenye mshipa wa damu tu, na ikitiwa kwa makosa ndani ya maji ya uti wa mgongo huua.

Aidha, si kila kinachominya ugwe ni uvimbe wa namna hii. Kifua kikuu huweza kula pingili mpaka mgongo ukatoa kibiongo na miguu ikalegea. Percivall Pott alikieleza mwaka wa 1779. Dawa zake hutolewa bila malipo katika kliniki za serikali. Kichocho nacho, ambacho vijana wengi wa huku hukipata kwa kuoga madimbwini na mitoni, mayai yake huweza kukwama kwenye ugwe. Mgonjwa hutibiwa kwa prazikwanteli na dawa ya kupunguza uvimbe. Ndiyo maana kukisia tu hakutoshi. Watu wawili waliopooza sawasawa wanaweza kuhitaji tiba tofauti kabisa.

Sasa basi, ni nani akimbilie hospitali? Sitaki kumtia mtu hofu, kwani migongo mingi inayouma ni ya kazi na hupona yenyewe. Lakini mtu asingoje hata siku moja akiona haya: maumivu ya mgongo yanayozidi usiku akilala, miguu kulegea au kujikwaa bila sababu, ganzi inayopanda, au ganzi ya sehemu anazokalia, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, maumivu ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, na mtoto mdogo anayelia mgongo au aliyeacha kutembea. Akifika huko aseme waziwazi, "Miguu yangu inalegea," asiseme tu, "Mgongo unaniuma." Maneno hayo mawili hayana uzito mmoja.

Nasema asingoje kwa sababu hii. Madaktari wameona kuwa anayefika akiwa bado anatembea, mara nyingi hutoka akitembea. Anayefika miguu ikiwa imekufa siku nyingi, mara nyingi hairudi, hata uvimbe ukitolewa wote. Kwa aliyechelewa pia kuna kazi ya kufanya: kumgeuza kila saa 2 asipate vidonda vya kitandani, kumsaidia mkojo, kumnyoosha viungo, na kumtafutia kiti cha magurudumu ili atoke nje akae na watu. Vidonda hivyo na maradhi ya mkojo huwaua wengi ambao uvimbe wenyewe haukuwaua.

Wenzangu wa chama, sisi ndio tunaosoma barua za hospitali kwa wazee wetu, na sisi ndio tunaotumwa na kuona nani anachechemea. Ukimwona bibi ndara imemtoka naye hajui, usicheke. Mwokotee, kisha mwulize, "Bibi, tangu lini?" Swali hilo dogo likiulizwa mapema linaweza kumwachia mtu miguu yake. Nami hapo natia nanga.